Dodoso ni la Nani? Kukusanya Takwimu kwa Vishikwambi Mkoani Singida

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 taifa letu lilifanya Sensa ya Watu na Makazi ya sita tangu Muungano. Kwa mara ya kwanza makarani hawakubeba makaratasi, walibeba vishikwambi. Matokeo yalitangazwa tarehe 31 Oktoba mwaka huo: Watanzania 61,741,120. Mkoa wa Singida, uliokuwa na watu 1,370,637 mwaka 2012, ulikutwa na watu 2,008,058. Hilo ni ongezeko la asilimia 46 na nusu, wakati ongezeko la taifa zima lilikuwa kiasi cha asilimia 37.

Takwimu hizi si pambo la hotuba. Ndizo zinazotumika kupanga zahanati ijengwe wapi, walimu wangapi wapelekwe na visima vichimbwe kijiji gani. Mtu asiyehesabiwa hana dawati wala kitanda cha hospitali katika mpango. Kwa hiyo namna Serikali inavyomwuliza mwananchi ni suala la siasa. Haliwezi kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Maana ya usanifu unaoanzia kwa mtu

Wataalamu wa huduma za umma katika nchi nyingi wanazungumzia usanifu wa huduma unaomweka mtu katikati. Maana yake ni nyepesi. Kabla ya kutunga dodoso, nenda kwa atakayelijibu na kwa karani atakayelijaza. Sikiliza, tazama wanavyoishi na wanavyosema. Tunga sampuli ndogo, ijaribu kwao, angalia walipokwama, irekebishe, ijaribu tena. Ndipo uisambaze. Kinyume chake ni urasimu: dodoso hutungwa ofisini, hupelekwa kijijini kama amri, na mwananchi akishindwa kulijibu huitwa mjinga.

Fikra hii si ngeni kwetu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulidai wananchi washirikishwe katika kupanga mambo yao, ukakemea uongozi wa dharau. Kuanzia mwaka 1975 mradi wa utafiti wa Jipemoyo, huko Bagamoyo, ulijaribu kuwafanya wanavijiji kuwa watafiti wenza badala ya watu wa kutafitiwa tu. Kilicho kipya leo ni chombo.

Uwezo na mpaka wa chombo

Kishikwambi kina faida zisizo na ubishi. Programu yake huruka maswali yasiyomhusu anayeulizwa. Hugutuka majibu yakipingana, kwa mfano mtoto akiandikwa kuwa na umri mkubwa kuliko mama yake. Hutunza majibu mahali pasipo na mtandao hadi yatakapotumwa. Mwaka 2012 sensa ilifanyika tarehe 26 Agosti na matokeo ya kwanza yakatangazwa tarehe 31 Desemba. Mwaka 2022 ilichukua zaidi kidogo ya miezi miwili.

Lakini chombo hakimfanyi mtu aseme kweli. Swali likiwa bovu, kishikwambi kitakusanya majibu mabovu kwa kasi kubwa zaidi.

Mifano ya Singida

Kwanza, kaya. Kwa watakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Katika boma la mfugaji mwenye wake watatu, kila mke na jiko lake, swali la "kaya yako ina watu wangapi" laweza kujibiwa kwa hesabu ya boma zima, au ya jiko moja tu. Karani aliyeelekezwa vizuri huanza kwa kuuliza nani wanakula chungu kimoja.

Pili, umri. Mzee wa Iramba au Manyoni asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kutaja mwaka. Akiulizwa kama alikuwa ameshaoa wakati wa Uhuru, au alikuwa na watoto wangapi wakati wa Vita vya Kagera, atajibu bila shida. Kalenda ya matukio imetumika katika sensa zetu kwa sababu hiyo. Inafanya kazi vizuri zaidi inapokuwa na matukio ya wilaya yenyewe.

Tatu, mifugo. Kuhesabiwa kuna historia. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, kuhesabiwa kulimaanisha kudaiwa. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, lakini kumbukumbu haifutwi kwa tangazo. Mfugaji akiulizwa idadi ya ng'ombe na kijana asiyemfahamu, atapunguza. Dawa yake ni kueleza kwanza takwimu ni za nini, na kwamba Sheria ya Takwimu inamfunga karani kutunza siri.

Nne, lugha na makazi. Singida ina Wanyaturu na Wanyiramba, ina Wataturu wanaofuata malisho, na huko Mkalama ina Wahadzabe, ambao miongoni mwao wapo wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Anayehama hangoji mgeni nyumbani. Karani na mwenyeji wake hawana budi kumfuata alipo.

Pengine mtu atasema: kila kijiji kikiulizwa kivyake, takwimu za nchi hazitalinganishwa. Hoja hiyo ni ya kweli. Jibu lake ni kwamba tafsiri ya kaya, ya umri na ya ng'ombe ibaki moja nchini kote. Kinachobadilika ni njia ya kumfikisha mwananchi kwenye tafsiri hiyo, na njia hiyo hugunduliwa kwa majaribio. Ndiyo sababu ilifanyika sensa ya majaribio mwaka 2021.

Anayejibu mwenyewe kwa simu

Ugumu unazidi pale ambapo karani hayupo. Maoni ya Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa tarehe 17 Julai 2025, yalikusanywa kwa simu na mtandao, na pia kwa mikutano na makongamano. Mchanganyiko huo ulikuwa wa busara. Dodoso la simu peke yake humsikia zaidi kijana wa mjini mwenye chaji na salio. Mama wa kijijini anayetumia simu ya mumewe hasikiki, wala mzee asiyejua kusoma. Majibu yakiwa mengi lakini ya upande mmoja, wingi wake unadanganya.

Wajibu wa kada

Kada hana kazi ya kuhimiza watu wajibu tu. Kazi yake ya kwanza ni kupeleka juu habari ya swali lisiloeleweka, mapema, dodoso likiwa bado linajaribiwa. Ya pili ni kuhakikisha mwenyekiti wa kitongoji na wazee wanajua nani anakuja na kwa nini. Ya tatu, inayosahaulika kuliko zote, ni kudai matokeo yarudi. Kijiji kilichotoa takwimu zake kisomewe takwimu hizo katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha inayoeleweka, kikatae kilichokosewa na kitumie kilicho sahihi kudai haki yake. Wananchi walioona hesabu yao ikileta kisima hawatamficha karani ng'ombe mara nyingine.