Mvinyo wa Lita Moja Uhukumiwe Mezani

Katika maduka ya Austria ipo chupa ya kijani ya lita moja nzima, yenye kifuniko cha kusokota au kizibo cha bati kama cha soda, na lebo yake imeandikwa Grüner Veltliner. Ndani mna mvinyo mweupe mkavu, mwepesi, wa mavuno ya karibuni, unaouzwa kwa bei nafuu. Waandishi wa mvinyo wakiutaja huutaja kwa huruma: eti si mbaya kwa bei yake. Mimi naona hapo kipimo ndicho kilichokosewa. Mvinyo huu hutengenezwa ili ukae ubavuni mwa sahani, na ukipimwa kwa kazi hiyo, katika ubaridi unaoufaa, unaipita mivinyo mingi inayouzwa mara tatu ya bei yake.

Watu husema rahisi ni ghali, basi tuanze na bei yenyewe. Grüner Veltliner ndio mzabibu unaolimwa kuliko yote nchini Austria. Umechukua karibu theluthi ya mashamba ya zabibu ya nchi hiyo, mengi yakiwa katika jimbo la Niederösterreich linaloizunguka Vienna. Hustawi kwenye udongo laini uliorundikwa na upepo zama za barafu, na huzaa sana. Katikati ya karne ya 20, mkulima wa zabibu Lenz Moser wa Rohrendorf aliwafundisha wakulima kuiinua mizabibu juu na kupanua nafasi kati ya mistari ili trekta lipite. Mzabibu huu uliupokea mfumo huo vizuri, kazi ya mikono ikapungua, na mashamba yake yakatanuka. Tena mvinyo wa kawaida haulazwi kwenye mapipa ya mwaloni; huchachushwa katika matangi ya chuma, na miezi michache baada ya mavuno uko chupani. Unafuu wake, kwa hiyo, umeanzia shambani, wala si kwa sababu umechakachuliwa. Mwenye kumbukumbu ataniuliza: na ule mkasa wa 1985? Ni kweli, mwaka huo iligunduliwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa Austria walikuwa wakitia dietileni glikoli, kemikali ya viwandani, ili mvinyo mwepesi uonekane mzito na mtamu. Soko la nje likaanguka, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria mpya, kali mno. Leo mvinyo wa daraja la Qualitätswein hupimwa maabara, huonjwa na jopo, hupewa namba ya ukaguzi ya serikali, na kifuniko chake hubeba alama ya nyekundu, nyeupe na nyekundu. Chupa ya lita moja yenye alama hiyo imepita mlango uleule uliopitwa na chupa ya bei kubwa.

Ukitaka kuuonja, mimina theluthi ya glasi, usizidishe. Rangi ni manjano iliyopauka yenye ukijani kwa mbali, na mvinyo ukiwa mchanga kweli utaona viputo vidogo vimenata kwenye ukuta wa glasi. Hiyo ni kaboni dioksidi iliyosalia tangu ulipochachushwa. Haina ubaya, na ndiyo inayouchomachoma ulimi kidogo. Nusa kabla ya kuzungusha glasi. Hutangulia tofaa bichi, ndimu na balungi, kisha harufu ya figili iliyokatwa sasa hivi, na nyuma yake pilipili manga. Wengi hucheka wakisikia habari za pilipili, wakidhani ni maneno ya wauzaji. Lakini pilipili hiyo ina jina la kikemia, rotundoni. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza jinsi walivyoipata katika mvinyo mwekundu wa Shiraz, na wakaikuta tele katika punje za pilipili manga zenyewe. Imepatikana pia katika Grüner Veltliner. Katika mvinyo mwekundu, nanogramu 16 tu kwa lita zilitosha pua kuitambua. Watafiti haohao waliona kuwa karibu mtu mmoja kati ya watano hakuisikia kabisa hata ilipozidishwa, kwa hiyo wawili wanaobishana mezani kama pilipili ipo au haipo huenda wote wanasema kweli. Baada ya pua, kinywa. Usiharakishe kutafuta majina ya matunda, sikiliza mate. Mvinyo wenye uchachu safi huyaita mate pembeni mwa ulimi, nayo huendelea kutoka hata ukishameza. Ladha ya mvinyo wa lita moja hukatika upesi, na katika mashindano jambo hilo huupunguzia maksi. Kwa anayekula, maana yake ni kwamba kinywa kimesafishika na kinangoja tonge jingine.

Kinachouonea zaidi ni baridi. Friji ya nyumbani huwa kwenye nyuzi 4 au 5, na hapo harufu hazipandi. Hubaki uchachu mtupu, na mnywaji huondoka akiamini kwamba mvinyo wa bei ndogo hauna kitu. Nyuzi 8 hadi 10 zinautosha. Vienna chupa itakaa mezani robo saa hivi ndipo inywewe. Mombasa au Dar es Salaam, sebule ikiwa nyuzi 30, dakika chache zinatosha, kisha shida hugeuka: glasi ikijazwa pomoni, nusu yake ya mwisho itanyweka vuguvugu. Heri kumimina kidogo kidogo na chupa irudi kwenye ndoo ya maji na barafu. Glasi isikusumbue sana. Kwenye zile baa za wakulima ziitwazo Heuriger, zilizopata uhuru wa kuuza mvinyo wao kwa amri ya Kaizari Joseph wa Pili mwaka 1784, mvinyo huu hunywewa hata kwenye kikombe cha kioo chenye mkono, na siku za joto huchanganywa na maji ya soda. Anayeona huko ni kuudhalilisha mvinyo ajaribu kwanza, mwezi wa Julai.

Kwenye chakula kanuni ni moja: mvinyo usizidiwe uchachu na sahani. Mfano mzuri ni Wiener Schnitzel, mnofu wa ndama uliopondwa ukawa mwembamba, ukapakwa unga, yai na chenga za mkate, ukakaangwa, ukaletwa na kipande cha limau pamoja na saladi ya viazi yenye siki. Siki hiyo huufanya mvinyo laini, wenye uchachu mdogo, uonekane kama maji. Grüner Veltliner husimama: uchachu wake huyakata mafuta, na chumvi ya chakula huupunguza makali. Hesabu hiyo haibadiliki kwa samaki wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu na kuliwa na kachumbari. Mchuzi mzito wa nazi, hapana. Mchuzi huo utaufunika mvinyo mwepesi kama huu. Pilipili kali nayo haipatani nao, kwa kuwa alkoholi huzidisha moto mdomoni na hapa hakuna sukari ya kuupoza. Na kitu kitamu, iwe kaimati au keki, kitaufanya uwe mkali kama siki.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama wa lita moja unatosha, kwa nini watu hulipa fedha nyingi kwa Grüner Veltliner nyingine? Watetezi wa zabibu hii hukimbilia mwaka 2002, pale London, katika uonjaji uliowahusisha waandishi wa mvinyo Jancis Robinson na Tim Atkin. Majina ya chupa yalifichwa, na mivinyo ya Austria ikazipiku Chardonnay za Burgundy zenye sifa kubwa. Mimi siutumii ushahidi huo hapa, maana unaitetea zabibu, hauitetei chupa yetu. Mivinyo iliyoshinda ilikuwa mizito, iliyokomaa, mingine ikiwa ya jamii ya Smaragd ya bonde la Wachau, ambayo kwa kanuni huanzia alkoholi ya asilimia 12.5 na hudumu miaka mingi. Ile ina kazi nyingine, na juu ya samaki wa kukaanga inaweza hata kumfunika. Anayetaka kupanda ngazi moja tu anunue Weinviertel DAC, lebo ya kwanza nchini humo ya kuufunga mvinyo kwa eneo na mtindo wake, iliyoanza na mavuno ya 2002: lazima iwe Grüner Veltliner, kavu, isiyo na ladha ya mwaloni. Kwa chupa ya lita moja, soma kwanza mwaka wa mavuno. Ikiwa imepitisha miaka miwili, iache rafuni hata kama wameipunguza bei.