Tundu la Ekzosi Linavyoidanganya Injini

Msomaji wetu anauliza: tangu fundi amchomelee ekzosi mpya, gari linakunywa mafuta kuliko zamani na taa ya injini haizimi. Kila akiliwasha asubuhi husikia "tiki tiki tiki" inayofifia injini ikishapata moto. Ekzosi na mafuta vina uhusiano gani?

Vina uhusiano mkubwa. Mlio huo unaonyesha kuwa kiungo kilicho karibu na injini kinavuja. Chuma kikipata moto hutanuka na kuuziba ufa kidogo. Wengi hudhani palipotoboka moshi hutoka tu. Kumbe hewa nayo huingia.

Moshi hautoki mfululizo. Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya moto husukumwa kwa kishindo. Kishindo kikipita, mgandamizo wa nyuma yake hushuka, na kwa kitambo kifupi mno huwa chini ya ule wa hewa ya nje. Hapo tundu lililokuwa likitema moshi huanza kuvuta hewa. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 800 kwa dakika hutoa vishindo kama 27 kila sekunde.

Hewa hiyo ina oksijeni asilimia 21, na mbele yake kuna sensa ya oksijeni. Mimi napenda kuiita kionjamoshi, kwa kuwa kazi yake hasa ni kuonja. Kauri yake ya zirkonia ikipita joto la nyuzi 300 hivi hupitisha ioni za oksijeni na kuzalisha umeme mdogo: karibu volti 0.9 moshi ukikosa oksijeni, karibu volti 0.1 ukiwa nayo tele. Kwa ishara hiyo kompyuta ya gari hulenga kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Sasa mfikirie mpishi anayeonja mchuzi, na kila akiinua upawa kuna mtu anautonea maji. Ataona chumvi haijakolea, ataongeza. Ataonja tena, bado chapwa, ataongeza tena. Chunguni mchuzi hauliki, upawani bado maji maji. Ulimi wake ni mzima, ila anachoonja si kilichomo chunguni. Mlete mpishi mwingine, naye atatia chumvi vilevile. Ndiyo maana kununua sensa mpya hakutibu ugonjwa huu: kompyuta itaendelea kuongeza petroli.

Petroli ya ziada hukutana na ile oksijeni ndani ya masega, yaani kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, na kuungulia humo. Masega, yaliyopakwa madini ya thamani kama platini, paladi na rodi, yakizidiwa na joto huyeyuka na kuziba njia, gari likakosa nguvu. Tena moshi unaovuja una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua; usikae ndani ya gari kama hilo vioo vikiwa vimefungwa.

Mdai fundi gaskiti mpya na raba za kuning'inizia bomba, kwani injini hutikisika, na bomba lisilo na nafasi ya kucheza hupasuka kwenye kichomeleo. Kisha, injini ikiwa bado ya baridi, iwashwe na viungo vyote vipakwe maji ya sabuni. Povu likifura popote, kazi haijaisha. Usilipe.