Mwigizaji wa Akiba, Kiraka na Mrithi: Tatizo la Istilahi

Huko Katito, kama katika nchi yote ya Wajaluo kandokando ya Ziwa Viktoria, mpigaji wa nyatiti hucharaza nyuzi nane, huimba, na hugonga chombo kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu wake. Mtu huyu hana wa kumshikia nafasi: akiugua, huitwa mpigaji mwingine, naye huja na nyimbo zake mwenyewe.

Tamthilia ya nyimbo ichezwayo miaka mingi ni kinyume cha hayo. The Lion King ilianza Broadway, New York, mwaka 1997, nayo ingali ikichezwa. Simba na Rafiki wamebaki na majina yao ya Kiswahili, bali waigizaji wamebadilika mara nyingi. Hapo nafasi ni kitu kimoja, na mtu ni kitu kingine.

Kwa hiyo istilahi zetu hazina budi kutenganisha watu watatu. Mwigizaji wa akiba hujifunza nafasi ya mwenziwe ili aishike pindi anapokosekana. Kiraka hujua nafasi nyingi za kundi la waimbaji na wachezaji. Mrithi huichukua nafasi kabisa, mwenyewe akiisha kuondoka.

Maneno "akiba" na "kiraka" tumeyazoea katika mpira. Lakini wa akiba wa mpira hukaa nje akingoja, ilhali wa jukwaani aghalabu huigiza nafasi nyingine ndogo usiku uo huo. Tukiwaita wote "mbadala", tofauti hizi zitapotea, na kazi ya kiraka itakosa jina.