Hisabati na Maisha Yetu (3): Mwezi, Dagaa na Marejesho

Wiki iliyopita tulitazama mizani na haki ya mnunuzi sokoni. Leo tuzungumzie hesabu ya wakati, na mfano wetu ni Bangwe, hapa Kigoma, ambako riziki ya nyumba nyingi hufuata mwezi wa angani.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, dagaa huwafuata, ndipo wavu unapoinuliwa. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu, dagaa hutawanyika na boti hupumzika siku kadhaa. Hilo analijua kila mtoto wa mwaloni. Ambalo wengi hatulifanyi ni kulipigia hesabu mapema.

Mwezi hupevuka kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Zidisha mara 12, unapata siku 354. Kalenda ya ukutani ina siku 365. Tofauti ni siku 11. Ndiyo maana Ramadhani, inayohesabiwa kwa mwezi wa angani, huzunguka misimu yote ya mwaka. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad, alikwisha kutunga majedwali ya mwendo wa jua na mwezi katika karne ya 9.

Sasa mchukue mama anayenunua dagaa na kuwaanika, mwenye marejesho ya kikoba kila tarehe 5. Mwaka 2025 mwezi ulipevuka tarehe 14 Machi: tarehe 5 ilimkuta bado ana mzigo wa kuuza. Mwaka 2026 ulipevuka tarehe 3 Machi: tarehe 5 ilimkuta boti zimepaki na vichanja vitupu. Kikundi kinachojua kutoa 11 katika 14 kingeisogeza tarehe hiyo mwaka mmoja kabla, bila ugomvi wala faini.

Hesabu hiyo hiyo husaidia ziwa linapofungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, yaani siku 92. Tuseme nyumba hutumia shilingi 8,000 kwa siku: inahitaji 736,000. Kiasi hicho kinatisha. Lakini miezi tisa iliyobaki, yenye usiku 20 wa kazi kila mmoja, inatoa usiku 180. Gawanya: ni kama shilingi 4,100 kwa kila usiku wa uvuvi. Bado si fedha ndogo, ila sasa ni kiasi ambacho baba na mama wanaweza kukaa wakakipanga.

Binadamu aliendelea pale alipoweza kuijua kesho kabla haijamfikia. Nawasihi walimu wa Bangwe wauandike mwezi ubaoni, na vikoba vipange marejesho kwa kalenda mbili zikiwa mezani. Elimu hii haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu na uamuzi.

Wiki ijayo: kwa nini meli ya Liemba, yenye mwili wa chuma, huelea?

Itaendelea.