Kisasi Hakilindi Taifa

Kila mara magaidi wanapowaua raia wasio na hatia, sauti mbili husikika hata kabla marehemu hawajazikwa. Ya kwanza yadai kisasi, tena upesi. Ya pili yamtaka kila mwananchi aoneshe uzalendo wake kwa kuiunga mkono ile ya kwanza. Na atakayethubutu kuuliza swali huhesabiwa kuwa mwoga au msaliti. Askari wa jeshi na wa polisi hawana budi kuzipima sauti hizo kuliko watu wengine wote, kwa kuwa wao ndio watakaotumwa na bunduki na pingu kutimiza yale yanayodaiwa na wenye hasira.

MAFUNZO YA AGOSTI 1998

Afrika ya Mashariki inayajua mambo haya si kwa kusimuliwa. Tarehe 7 Agosti, 1998, mabomu yaliyopakiwa katika magari yalilipuka kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, karibu wakati mmoja. Watu 224 walikufa, 213 kati yao wakiwa Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walipoteza macho kwa vigae vya vioo. Wamarekani waliokufa walikuwa 12. Waliosalia walikuwa hasa wananchi wa Kenya na Tanzania waliokuwa kazini mwao au wakipita njia.

Siku 13 baadaye, tarehe 20 Agosti, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na Sudan. Huko Khartoum yalikibomoa kiwanda cha Al-Shifa kilichotengeneza dawa za binadamu na za mifugo. Ilielezwa kwamba kiwanda hicho kilihusika na kemikali za sumu za vita. Ushahidi huo ulitiliwa shaka kubwa, na mwaka 1999 serikali ya Marekani yenyewe iliachilia mali ya mwenye kiwanda iliyokuwa imeizuia. Osama bin Laden, ambaye ndiye aliyekuwa akitafutwa, hakuguswa. Je, mjane wa Nairobi alifarijika vipi kwa kuwa mgonjwa wa Khartoum amekosa dawa?

Wakati huo huo kazi nyingine ilikuwa ikiendelea pasipo kelele. Wapelelezi wa Kenya, Tanzania na Marekani walichambua vifusi, wakahoji mashahidi, wakafuatilia nyaraka. Mtuhumiwa mmoja alizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Karachi siku ile ile ya mlipuko. Mwingine alikamatwa Nairobi akiwa bado na majeraha. Wa tatu alipatikana Cape Town mwaka 1999. Tarehe 29 Mei, 2001, mahakama ya New York iliwatia hatiani watu 4, na wote wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Siku moja kabla ya hapo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba serikali yake ilivunja sheria ilipomtoa yule wa Cape Town bila kwanza kupata ahadi kuwa hatauawa. Hukumu hiyo haikumwokoa na jela, wala haikuwadharau waliokufa. Ilithibitisha kwamba dola inayopambana na wauaji nayo imefungwa na sheria.

SAUTI MOJA KATI YA 421

Tarehe 11 Septemba, 2001, watu wapatao 3,000 waliuawa nchini Marekani. Uchungu wa taifa lile ulikuwa wa haki, na hakuna mwenye utu awezaye kuubeza. Siku 3 baadaye Bunge lilipiga kura kumpa Rais idhini ya kutumia nguvu za kijeshi. Katika Seneti kura zilikuwa 98 kwa hapana kabisa. Katika Baraza la Wawakilishi zilikuwa 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California. Hakuwatetea magaidi; alionya kwamba idhini hiyo haikuwa na mipaka, na kwamba hatua nzito kama ile yahitaji kutafakariwa kwanza. Alitukanwa na kutishiwa kuuawa, hata ikabidi polisi wamlinde usiku na mchana.

Siku iliyofuata kura hiyo, huko Mesa, Arizona, mtu mmoja alimpiga risasi na kumwua Singasinga aliyekuwa na kituo cha kuuzia petroli. Aliona kilemba na ndevu, akadhani amempata Mwislamu. Polisi walipomkamata, alijitangaza kuwa mzalendo.

Tarehe 7 Oktoba, 2001, vita vya Afghanistan vilianza. Mwezi Machi 2003 vikafuata vya Iraq, ingawa kati ya watu 19 walioteka ndege zile hakuna hata mmoja aliyekuwa raia wa Iraq, na silaha za maangamizi zilizodaiwa kuwako huko hazikuonekana. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 2,400 walikufa Afghanistan, pamoja na Waafghani wengi mno kupita hao. Mwezi Agosti 2021 Taliban walirudi madarakani, na askari wa mwisho wa Marekani akaondoka.

JE, TAIFA LIKAE KIMYA?

Wapo watakaouliza: taifa likishambuliwa likunje mikono? La hasha. Kumzuia adui asiue tena ni wajibu, na pengine wajibu huo hautekelezeki bila silaha. Lakini ulinzi na kisasi ni vitu viwili. Mlinzi huuliza: ni nani aliyetenda, ushahidi uko wapi, sheria yasemaje, na kazi hii itakwisha lini? Mlipiza kisasi hatosheki na maswali. Hutosheka na yeyote aliye karibu, mwenye jina, dini au kabila linalofanana na la mhalifu.

Tofauti hiyo ilionekana Kampala. Tarehe 11 Julai, 2010, mabomu ya Al-Shabaab yaliwaua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatia hatiani watu 7 kwa ugaidi, na wengine 5 ikawaona hawana hatia. Tuwafikirie hao 5. Kama umati wenye hasira ungepewa nafasi siku ile ya kwanza, wangalikufa kwa kosa lisilo lao.

Tena kuna hoja ya kazi yenyewe. Polisi hamkamati gaidi kwa nguvu za mikono tu. Humkamata kwa habari, na habari hutoka kwa majirani zake. Mtaa mzima ukipigwa na kudhalilishwa kwa kosa la mmoja, kesho hakuna atakayefungua mlango na kusema alichokiona. Hapo gaidi hupata maficho ambayo hakuyajenga mwenyewe.

Askari mwenye nidhamu ajua kwamba bendera aliyoiapia ni ya wote waishio chini yake, pamoja na yule anayeshukiwa na umati. Akimlinda huyo mpaka ukweli ujulikane, asikubali kuambiwa kwamba uzalendo wake umepungua.