Makanisa na Ndugu wa Dini Nyingine: Mazungumzo Yaanzie Wapi?

Kila yatokeapo machafuko ya dini katika nchi yetu, viongozi hukusanyika. Maaskofu na masheikh huketi meza moja, picha hupigwa, tamko la amani husomwa, kisha kila mmoja hurudi kwake hata yatokee machafuko mengine. Hatuwabezi viongozi hao. Kukutana ni bora kuliko kutokukutana. Lakini yatupasa kuuliza kama mazungumzo yanayoitishwa baada ya nyumba kuungua yanatosha.

Twakumbuka mambo mawili. Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto juu ya Kurani Tukufu uliishia kwa makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto. Haikupita hata nusu mwaka, Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, mchungaji mmoja akauawa katika ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja. Watoto na kisu cha mchinjaji! Hayo hayakuanzia katika mkutano wa viongozi wala katika vitabu vya wanazuoni. Yalianzia uchochoroni na buchani, mahali ambapo tamko halifiki.

Hebu tulitazame jambo hili la kuchinja, maana wengi hulipita upesi kwa kuliona dogo. Tangu zamani, katika miji yetu mingi, ilikuwa desturi Mwislamu achinje ili watu wote wale. Mkristo alikula bila kuuliza, kwa kuwa imani yake haikumkataza. Tena alipofanya arusi alimwita jirani yake Mwislamu ashike kisu, ili mgeni yeyote asiondoke na njaa. Ulikuwa ungwana mkubwa. Lakini haukuandikwa popote, wala haukuzungumzwa. Ndipo kikaja kizazi kingine kikauliza: kwa nini nisichinje ng'ombe wangu mwenyewe na kumwuzia anayetaka kununua? Swali hilo si la uadui. Naye Mwislamu akauliza: nitajuaje kwamba nyama hii ni halali kwangu, nami naletewa sokoni bila maelezo? Hilo nalo si la uadui. Yote mawili yalikuwa na majibu, kama watu wangaliketi mapema na kupatana. Kosa ni kwamba yaliachwa yajibiwe barabarani na watu wenye hasira.

Kwa upande wa makanisa, hatuna budi kusema wazi kwamba wao wenyewe hawajawa kitu kimoja. Wamishonari waligawana nchi hii kama shamba: huku Wamoravia, kule Waanglikana, na mlimani Kilimanjaro Walutheri na Wakatoliki wakakaa bega kwa bega bila kushiriki meza. Twalo leo Baraza la Maaskofu Katoliki, twayo Jumuiya ya Kikristo, na yako makanisa mengi mapya ambayo hayamo humo kabisa. Sheikh atakaye kuzungumza na Wakristo aanze na nani? Na mhubiri mwenye kipaza sauti, anayeitukana dini ya mwenzake saa mbili usiku, atakanywa na nani? (Hata upande wa Waislamu wako wenye mihadhara ya namna hiyo, hatusemi kwamba ni wa upande mmoja tu.) Wengine hupoteza wakati kubishana ni dini gani yenye watu wengi zaidi. Tangu hesabu ya watu ya mwaka 1967 Serikali haimwulizi mtu dini yake, nasi twaona ilitenda busara.

Wako wasemao kwamba mazungumzo ya namna hii ni mtindo mpya ulioletwa na wageni wenye fedha za mikutano. Si kweli. Katika shule ya misheni niliyosomea tulifundishwa kuipenda Biblia ya Kiswahili, lakini hatukuambiwa neno hata moja juu ya Waislamu waliosaidia kuijengea lugha yake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa Askofu, alijifunza Kiswahili kwa wenyeji. Mmoja wao, Sheikh Abdul Aziz, aliyekuwa kadhi, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu. Alifika Zaburi ya 16, kazi ikakoma, kwa kuwa shughuli zake zilikuwa nyingi na Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno kwa watu wa kawaida. Kadhi mzima, akimfasiria padre Zaburi za Daudi! Wala hakuacha dini yake, wala padre hakuacha yake. Na hata sasa, Mkristo akitamka imani, sala, dhambi, toba, nabii, malaika, naam, hata kanisa na msalaba, anatamka maneno yenye asili ya Kiarabu.

Nendeni Mkunazini mkalitazame kanisa alilolijenga Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Mhindu, mfanyabiashara Jairam Senji. Saa ya mnara ilitolewa na Sultani, Sayyid Barghash.

Kanisa Katoliki nalo lilisema neno lake tarehe 28 Oktoba 1965, katika Mtaguso wa pili wa Vatikano, ambao Kadinali wetu Laurean Rugambwa aliuhudhuria. Kwa kura 2,221 dhidi ya 88 walipitisha waraka unaowataka Wakristo na Waislamu wayasahau magomvi ya kale na kutumika pamoja kwa ajili ya haki na amani. Ni waumini wangapi wa vigangoni waliopata kusomewa waraka huo? Twaogopa kwamba ni wachache.

Kutumika pamoja kwawezekana. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo na BAKWATA walitoa kwa pamoja taarifa juu ya dhahabu yetu, wakionyesha jinsi taifa lilivyokuwa likikosa mapato katika migodi. Hakuna aliyeuliza kama hesabu zile ni za Kikristo au za Kiislamu. Zilikuwa hesabu za mali ya wananchi wote.

Basi twataka moyo ule ule ushuke katika kata. Mchungaji, padre, imamu na wenye bucha wakutane sasa, wakati hakuna ugomvi. Wapatane kwamba kila bucha liandike mlangoni ni nani amechinja, kila mnunuzi achague kwa hiari yake, na mwenye arusi au msiba awaulize wageni wake kabla ya kuchinja. Mkutano huo hauhitaji hoteli. Wahitaji viti sita na asubuhi moja.