Droni na Ardhi ya Umma: Mwenye Uwanja Ndiye wa Kuulizwa

Kuku wa mkulima mmoja wa North Carolina ndio walioifikisha Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye swali ambalo leo linazihusu droni. Ndege za jeshi zilikuwa zikishuka kutua kwa kupita futi 83 tu juu ya shamba lake. Kuku wapatao 150 walikufa kwa kujigonga ukutani kwa hofu, na ufugaji ukamshinda. Mwaka 1946 mahakama ilisema kwamba kanuni ya kale, kuwa mwenye ardhi anamiliki hadi mbinguni, haifai tena katika zama za ndege. Hata hivyo, anamiliki walau anga ya chini anayoweza kuitumia. Mpaka wa kimo haikuutaja. Droni za biashara, kwa kanuni zilizoanza 2016, huruka humo humo ndani ya utata huo, chini ya futi 400, yaani kama mita 120. Utata huzidi pale ambapo mwenye ardhi ni umma: bustani ya mji, ufuo, msitu, hifadhi.

Naamini mamlaka inayotunza ardhi hiyo isigombee anga, ishike ardhi. Mji wa Newton, Massachusetts, uligombea anga. Sheria yake ndogo ilikataza kurusha droni chini ya futi 400 juu ya mali ya mtu, na kwa kimo chochote juu ya mali ya mji, bila ruhusa. Septemba 2017 jaji wa shirikisho alivifuta vifungu hivyo: mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, inazuia juu ya futi 400, mji unazuia chini yake, basi mrushaji aruke wapi? Alikuwa sahihi. Droni inayokagua nyaya za umeme haiwezi kukutana na sheria mpya kila mtaa. Idara ya Hifadhi za Taifa ilikuwa imepita njia ya busara zaidi tangu Juni 2014. Haikugusa anga, ilikataza kurusha, kutua au kuongoza droni ukiwa ndani ya maeneo yake. Miezi miwili baadaye droni ya mtalii ilitumbukia katika Grand Prismatic, chemchemi ya moto ya Yellowstone ambayo rangi zake ni kazi ya vijidudu hai, naye akatozwa faini na fidia, jumla zaidi ya dola 3,000.

Wapo wanaosema katazo la namna hii ni ukuta wenye mlango wazi, kwani mtu atasimama nje ya mpaka na kurusha kuingia ndani. Kwa bustani ndogo ya mjini wana haki kabisa. Huko zinahitajika sheria zinazohukumu tendo lenyewe, kama kelele au kuchungulia watu, na hizo majimbo na miji yanaruhusiwa kuzitunga. Kwa hifadhi kubwa hoja yao ni dhaifu. Rubani wa droni anatakiwa aione kwa macho yake muda wote, na Yellowstone ina karibu kilomita za mraba 9,000. Ukimnyima mahali pa kusimama, sehemu kubwa ya hifadhi haifikiki. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Agosti 2025 FAA ilipendekeza kanuni za kuruhusu droni kwenda mbali ya upeo wa macho. Zikipita bila kuwapa watunza hifadhi sauti katika upangaji wa njia, kinga hiyo itayeyuka.

Wenye biashara nao hulalamika kwamba wanabanwa kwa sababu tu wanalipwa, na malalamiko hayo nayakubali. Swala hajali kama anayemtimua amelipwa au anajifurahisha. Kibali kipime kelele, majira ya kuzaliana na wingi wa watu, na kipimo kiwe kimoja kwa wote. Ila kampuni ikitaka kuweka kituo cha kurushia vifurushi kwenye nyasi za bustani ya mji, hapo inaomba kukodi ardhi, na wenye bustani wana haki ya kuulizwa kwanza, kisha kulipwa.